UZI: Filamu ya machimbo ya Tendaguru, Lindi 1909. Ianzie kwenye njaa, si kwenye mfupa

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu. Wana Kusini mliomo humu sogeeni karibu, maana uzi ni mrefu.

Filamu za machimbo ya enzi za mkoloni zina ugonjwa mmoja. Steringi ni injinia wa Kizungu mwenye kofia ya jua, kajiinamia ramani, anafuta jasho. Nyuma yake kuna msururu wa watu weusi wasio na majina, wanapandisha udongo kwa makarai huku wanaimba vizuri kweli. Mmoja wao hufa katikati ya filamu ili injinia apate cha kuhuzunikia. Kisha dhahabu inapatikana, au haipatikani, injinia anapanda meli, majina yanashuka kwenye kioo.

Nataka tuijadili filamu ambayo haijatengenezwa, na ambayo sisi wa Lindi na Mtwara ndio wenye haki ya kuitengeneza. Mkasa upo tayari.

Mwaka 1906 kulikuwa na kampuni ya Kijerumani ya kutafuta madini, Lindi Schürfgesellschaft. Injinia wake, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akizunguka bara ya Lindi kutafuta mali chini ya ardhi. Chini ya kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Lindi mjini, akakutana na mfupa mkubwa umejitokeza juu ya udongo, mfupa wa dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale. Taarifa ikaenda Ujerumani. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kutazama. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaleta msafara wao, Werner Janensch na Edwin Hennig mbele, baadaye Hans Reck, na ardhi ikachimbwa kweli kweli.

Mtaniambia hayo si machimbo, ni sayansi. Itazameni kazi yenyewe: mashimo na mitaro, sululu na majembe, manyapara, majina kuitwa asubuhi, ujira kwa rupia na hela, mizigo kufungwa na kuhesabiwa, meli inasubiri bandarini. Mwaka 1909 walikuwapo wachimbaji wapatao 170. Mwaka uliofuata 400. Mwaka 1911 wakafika 500, na ukijumlisha wake na watoto, kambi ilikuwa na watu kati ya 700 na 900. Huo ni mji, wakuu. Ulichipuka porini kwa sababu kuna kitu kinachimbwa, kilipoacha kuchimbwa ukafa. Mji wa machimbo ukoje tena zaidi ya hapo?

Sasa hoja yangu, na ndiyo sababu ya kuandika uzi huu. Kila anayeusimulia mkasa huu anaanzia kwenye mfupa wa Sattler. Mimi nasema dairekta akianzia hapo filamu imeshakufa. Aanze mwaka mmoja nyuma.

Julai 1905 Majimaji ilianza huko Matumbi. Haikuchukua muda ikafika kwa Wamwera, misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa moto. Serikali ya Kijerumani haikupigana na watu tu, ilipigana na vyakula vyao: maghala yakateketezwa, mashamba yakafyekwa, mbegu zikakosekana. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, makadirio ya juu ya wanahistoria yanafika 250,000 hadi 300,000 kwa eneo zima la vita. Vita ikazimwa 1907. Na Fraas akaja kuangalia mifupa mwaka gani? Huo huo 1907.

Weka tarehe hizo mbili pamoja utaiona filamu. Miaka miwili baadaye Wajerumani wanahitaji mamia ya mikono, na mikono inapatikana. Kwa nini? Kwa sababu kuna kodi ya nyumba ya kulipwa kwa fedha, na huko vijijini ghala ni tupu. Yule baba anayechukua sululu Tendaguru alimzika nani 1906? Filamu ikilijibu swali hilo kwenye dakika kumi za mwanzo, kila jembe litakaloinuliwa baadaye litakuwa na uzito.

Sini ya kwanza naiona hivi. Kiangazi, 1906. Mama na binti yake wako porini wanachimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa chakula kikikosekana. Hakuna muziki wala sauti ya msimulizi. Tunaona ufundi: namna ya kuufuata mzizi, kupunguza udongo pembeni polepole ili usikatike. Mtu wa Kusini atajua mara moja ni msimu gani na hali gani ya nyumbani. Halafu baadaye, huko Tendaguru, tunamwona kijana wa nyumba ile ile anaufuata mfupa ardhini kwa mkono ule ule, na Mzungu anashangaa kajifunza wapi.

Steringi ni nani? Yupo, na jina lake liko kwenye kumbukumbu: Boheti bin Amrani, nyapara mkuu wa machimbo. Yeye ndiye aliyesimamia wachimbaji, akajua kuisafisha mifupa na kuitambua kwa namna ambayo hata wale madaktari wa Berlin waliitegemea. Mtu wa aina hiyo katikati ya kambi ndiye moyo wa drama. Juu yake kuna mabwana wanaotaka tani. Chini yake kuna watu wake wanaotaka kurudi shamba mvua ikikaribia. Asubuhi anaita majina, jioni anakula na hao hao aliowakaripia.

Halafu njia. Mifupa haikuondoka Tendaguru kwa reli wala mkokoteni. Ilifungwa kwa plasta au udongo, ikavishwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani hadi Lindi, mwendo wa siku nne. Mizigo zaidi ya 5,000, jumla zaidi ya tani 200. Mmoja wa mijusi waliotoka humo alisimamishwa Berlin 1937, urefu wake mita 13.27 kwenda juu, watu wanapiga naye picha. Mimi nataka sini ndefu ya njia ile, ndefu hadi mtazamaji aanze kujikuna kwenye kiti. Watu wanne na mfupa mmoja, kupanda, kushuka, kuvuka korongo, kutua, kujitwisha tena. Na nawaomba sana, wasiimbe muda wote. Mtu mwenye kilo nyingi begani hana pumzi ya kwaya.

Na asionekane mjusi aliye hai hata mmoja. Tukianza kuleta mijusi ya kompyuta inakimbiza watu, tumeharibu. Karibuni tuchangie.

---

Kijana wa Shangani:

Mkuu uzi mtamu, ila mbona Mtwara umetuacha kando? Kama ni mji ulioota kwa amri ya mkoloni, hakuna kama huu wetu. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Bandari ya maji marefu Mtwara, reli kuelekea Nachingwea, matrekta yanang'ang'ana na visiki. Karanga zikagoma. Reli ikaja kung'olewa. Hiyo ni filamu yenye vichekesho na machozi humo humo.

Na ukitaka machimbo ya madini hasa, nenda Sekenke kule Singida. Dhahabu ya Wajerumani ile, ndiyo waliyoitumia 1916 kufua sarafu za rupia 15 pale Tabora huku vita imewabana. Kwa nini tung'ang'anie mifupa?

Mkorosho Mkongwe:

Kaka, karanga naikubali, fungua uzi wake nitakuja. Ila tatizo la karanga ni kwamba kichekesho kinamwangukia Mwingereza mwenyewe, kwa hiyo atabaki yeye steringi. Sekenke ni nzuri lakini waachie Wanyiramba waisimulie, wana watu wao.

Tendaguru ina jambo ambalo dhahabu haina. Mchimba dhahabu anajua anachokichimba kina bei gani, ndiyo maana anapekuliwa akitoka shimoni. Huyu wa kwetu anachimba jiwe lenye umbo la paja, analifunga kama mgonjwa, analibeba siku nne, na sokoni Lindi halinunui hata kibaba cha mtama. Fikiria maongezi ya jioni kambini. Wazungu hawa wanaupeleka wapi? Watausaga dawa? Wanatafuta nini ndani yake? Mwandishi mzuri wa skripti akipewa moto mmoja na watu sita wa kuuzunguka, atapata nusu saa ya filamu hapo.

---

Sululu Butu:

Mimi nitapinga, mnisamehe. Huyo Boheti unamfanya shujaa kwa lipi? Nyapara ni nyapara. Baada ya Majimaji, watu hawajamaliza matanga, yeye anawaamsha alfajiri wakamchimbie Mjerumani. Filamu zetu zina tabia ya kumsafisha kila Mwafrika aliyekuwa karibu na bwana kwa kuwa tu jina lake liliandikwa. Walioandikwa ndio hao hao waliokuwa karibu na kalamu.

Mkorosho Mkongwe:

Sululu, umenena jambo zito na sikwepi. Sikusema shujaa, nilisema steringi. Tumezoeshwa na mabanda ya video kwamba steringi lazima awe mwema na hafi. Huyu wa kwangu awe mtu wa mashaka. Apewe sini ambayo kijana anamtupia maneno kama hayo yako usoni, na asiwe na jibu safi.

Ila hilo la kuandikwa lina nyama zaidi ya ulivyosema. Angalia majina waliyopewa mijusi. Mmoja aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki, mwaka 1919, kwa heshima ya jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye vita yake ilipita nchi hii ikakomba watu na chakula. Jenerali hakuchimba hata kidole cha mjusi. Boheti alisubiri hadi 2007, mjusi mwingine akaitwa Australodocus bohetii. Na 2019 ukaja Wamweracaudia keranjei, humo wamo Wamwera na msimamizi mwingine wa uchimbaji, Mohammadi Keranje. Karne moja imepita. Wangapi pale Mipingo, kijiji cha jirani na Tendaguru, wanajua kwamba Wamwera wana mjusi wao?

Sululu Butu:

Hilo la 2019 nalichukua. Lakini msimamo wangu uko pale pale: kijana anayemtupia nyapara maneno ndiye awe steringi. Boheti awe mtu wa pili.

Mtani wa Newala:

Wamwera kuitwa mjusi, mbona sisi Wamakonde tulishalisema zamani, bila hata kuchimba 😂

Mkorosho Mkongwe:

Mtani, msiba ukitokea kwenu usiniite.

---

Bi Mkubwa wa Ng'apa:

Wanangu hamjambo. Nimesoma tangu juu, nikasubiri mtu aseme, naona mmenyamaza. Huyo mama wa ming'oko mmemwacha porini mwanzo wa filamu, mkaenda zenu na masululu. Kambi ya watu 700 hadi 900 ilikula nini? Nani alitwanga? Maji ya kiangazi kule bara hayako mlangoni, mwanamke anatoka gizani na mtungi anarudi jua limeshapanda. Wachimbaji walikuja na wake zao, sasa hao wake filamu inawafanya nini, wanapepeta tu nyuma ya picha?

Halafu kulikuwa na mwanamke wa Kizungu pia, Ina Reck, mke wa Hans Reck. Alikuwapo pale mumewe aliposimamia, akarudi kwao akaandika kitabu, kikatoka 1924. Nawajua watu wa filamu. Wakishasikia kuna mwanamke wa Kizungu kambini na ameandika, basi filamu yote itakuwa macho yake. Binti wa Kimwera atakuwa anamchotea maji na kumfundisha maneno mawili matatu.

Mimi ningefanya kinyume. Tumwone Ina kwa macho ya wale wanawake wanaopita na mitungi. Wamcheke kidogo, wamwonee huruma kidogo, wamwogope. Anachoandika tusikisikie hata neno moja.

Na lingine. Wakati wa mavuno ukiisha, nyumbani kuna jando na unyago. Kiangazi hicho hicho ndicho shimo linataka watu, maana mvua zikianza mitaro inajaa kazi inasimama. Baba yuko Tendaguru, mwanawe anatakiwa kuingia jando. Anaomba ruhusa kwa nani? Hapo hata usipoweka bunduki una filamu.

Mkorosho Mkongwe:

Shikamoo Bi Mkubwa. Hiyo ya jando ndiyo sini ya katikati niliyokuwa naitafuta. Baba anakwenda kuomba ruhusa kwa Boheti, na Boheti anaijua mila kama anavyoijua yeye. Akimruhusu mmoja, kesho watakuja 50. Sululu, hapo nyapara wako ataonyesha rangi yake.

Sululu Butu:

Na akimkatalia, mwandike hivyo hivyo alivyomkatalia. Msimlainishe.

---

Fundi Taa:

Nimefanya kazi kwenye filamu kadhaa za Bongo, niseme ya ufundi maana ndoto ni bure lakini lokesheni ni hela.

Lindi ya 1909 mtaipigia Mikindani. Boma la 1895 limesimama, lilikarabatiwa likafanywa hoteli, kuna nyumba za mawe na milango ya nakshi, na majahazi hayakosekani. Ukiweka kamera chini kidogo unakwepa mabati na minara ya simu. Lindi yenyewe ina magofu na ghuba nzuri, chukua ghuba uache mitaa.

Shida kubwa iko bara. Mleta uzi asikasirike kwa jina lake, lakini mikorosho itatuua. Mashamba makubwa ya korosho mnayoyaona leo ni mambo ya baadaye, 1909 nchi haikuwa hivi. Kila ukigeuza kamera unakuta mistari ya mikorosho, na mtazamaji wa Kusini atacheka. Itabidi kwenda ndani hasa, kuelekea mto Mbwemkuru, kwenye mapori yenye mianzi. Huko gari la jenereta lifike vipi, hilo ni swali la bajeti.

Mifupa ya kuigiza msiagize nje. Wachongaji wa Kimakonde wapo hapa. Wapeni mti mwepesi kama msufi, si mpingo, watachonga paja la mjusi la kimo cha mtu na wabebaji wanne wataweza kulinyanyua mara kumi kwa siku. Juu yake plasta na udongo mwekundu. Ila dairekta awaambie wabebaji watembee kwa uzito wa kweli. Ukibeba kitu chepesi shingo inakusaliti, kamera inaona.

Nguo ni rahisi: kaniki, merikani, kanzu kwa wakubwa. Msiwavalishe watu magunia. Filamu zetu mtu wa zamani ni lazima avae gunia, sijui nani alitutuma.

Kijana wa Shangani:

Na lugha je? Wajerumani wataongea Kijerumani watu wasome maandishi chini? Banda la video la huku hakuna atakayesoma.

Fundi Taa:

Waongee Kiswahili. Wala si kuigiza, utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia akida hadi askari. Tafuteni waigizaji wa Kijerumani wakae Lindi kwanza wakijifunze. Kijerumani kibaki kwa wao kwa wao hemani, na kisitafsiriwe. Wachimbaji nao wakiwa wenyewe kwa wenyewe wachanganye Kimwera, Kiyao, Kimakonde, kila mtu na chake. Kambi ilikuwa na mchanganyiko huo.

Mtani wa Newala:

Kimakonde hakina haja ya maandishi chini, watu wote wa maana wanakielewa.

---

Kijana wa Shangani:

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Inaishaje? Mimi nataka Berlin, 1937. Mjusi anasimamishwa, bendera za Hitler ukutani, Wazungu wanapiga makofi, halafu kimyaa, jina la Boheti linatokea. Watu watatoka wanalia. Na itachokoza ule mjadala wa kurudishwa mjusi, maana bungeni umeulizwa na jibu linakuwa lile lile la kushirikiana na makumbusho ya kwao.

Mkorosho Mkongwe:

Hapana kaka. Ukienda Berlin umempa mjusi filamu. Kamera yangu haivuki bahari. Meli inaondoka Lindi, sisi tunabaki ufukweni na wapagazi wanaogawana ujira wa mwisho. Mjadala wa kurudisha utajizua wenyewe nje ya ukumbi, hatuna haja ya kuhutubia.

Bi Mkubwa wa Ng'apa:

Wote mmeishia mapema. Msafara ulifungwa 1913. Mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, na wanaume waliozoea kubeba mzigo siku nne bila kuanguka, mnadhani waliachwa wapumzike? Oktoba 1917 pale Mahiwa, jirani na Nyangao, palikuwa na pigano baya kuliko yote ya vita hiyo hapa nchini, na kila risasi iliyofyatuliwa ilifika kichwani kwa mtu. Mimi filamu yangu inaishia hapo. Mpagazi yule yule, pingili zile zile za shingo, sasa mzigo ni sanduku la risasi. Na mkewe anachimba ming'oko tena, maana chakula kimechukuliwa na majeshi yote mawili.

Fundi Taa:

Bi Mkubwa umeniongezea sare za majeshi mawili, bunduki, na watu wa kuanguka. Hiyo sini moja inakula theluthi ya bajeti.

Bi Mkubwa wa Ng'apa:

Usionyeshe vita, baba. Onyesha njia tu, na mlio uwe mbali nyuma ya kilima. Bunduki utaazima mbili.

Mkorosho Mkongwe:

Fundi, mlio wa mbali ni bei gani? 😄 Bi Mkubwa, tafadhali iandike sini hiyo kwa mkono wako, hata kama ni kurasa mbili, uiweke hapa hapa. Sululu wewe andika ya kijana na nyapara. Mimi nachukua ya jando. Kijana wa Shangani, karanga zako zinasubiri uzi.